Tairi za gari ya spoti ya kila siku: ipi ununue kabla ya masika

Gari yangu ni Toyota 86, ringi inchi 17, tairi saizi 215/45R17. Niko Unguja: asubuhi naitoa Fumba kwenda Mjini, Ijumaa jioni naipeleka Paje. Mwenye gari ya namna hii namwambia kitu kimoja: nunua tairi kwa ajili ya maji na joto. Machi mpaka Mei, Mwanakwerekwe ikijaa maji, mpira mpana uliokwisha mifereji ndio wa mwanzo kuelea.

Chaguo langu la kwanza ni tairi la spoti la barabarani, kama Michelin Pilot Sport 4 au Bridgestone Potenza. Linashika kona ya mvua na ubavu wake haulegei. Bei inauma, tena linalika haraka kuliko la kawaida, lakini siku daladala itakaposimama ghafla mbele yako, hutaijutia.

La pili ni tairi la kawaida, jipya, la kampuni inayojulikana. Usukani utachelewa kidogo kuitikia, basi. Tairi za mashindano, zile zilizoandikwa ubavuni TREADWEAR (namba ya kulika; ikiwa ndogo, tairi linalika upesi) 200 au chini yake, naziweka tatu: kwenye ukavu tamu sana, kwenye maji mengi siziamini.

Mwisho kabisa ni mitumba ya Japani. Niliwahi kununua mawili, mifereji mirefu, yanang'aa kwa dawa. Hata miezi miwili haikufika, nikapitisha kidole katikati ya mifereji, nikakuta nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Ubavuni, ndani ya kiduara kirefu, palikuwa na 1114: wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tarakimu hizo nne zisome kabla hujatoa pesa, na usikubali tairi lenye uvimbe hata ukiwa mdogo kama kunde. Likiandikwa STUDLESS, liache hapo hapo. Hilo ni la theluji. Mpira wake laini, na kwa joto letu linalika upesi na gari inayumba konani. Hata gari yenyewe ikishushwa bandarini, angalia isije ikawa imevaa hayo.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukiwa na uwezo wa mawili tu, mwambie fundi mapya ayafunge nyuma, maana nyuma ikishateleza kwenye maji, kuirudisha ni kazi.