Nimejijengea 16n: mchoro ni bure, slaida si bure

Nianze na pesa, maana kila ninapoitoa 16n kwenye begi swali la kwanza ni kama ilikuwa nafuu kuliko kontrola ya dukani, yaani kifaa cha kuongozea programu ya muziki kwa mkono. Hapana, haikuniangukia bei nafuu. Ukijumlisha usafirishaji, ushuru, VAT ya asilimia 16 na nauli za kuingia mjini na kutoka, ningenunua kontrola ndogo yenye jina na chenji ikabaki. Anayetaka kujenga 16n ili aokoe hela aende tu dukani. Mimi naipigia shoo tangu mwaka jana na sina mpango wa kuibadilisha.

Kwa asiyeifahamu, 16n ni safu ya slaida 16, vile vitufe vya kutelezesha juu na chini kama vya mikisa ya sauti, kwenye bodi moja. Mchoro, orodha ya vipuri na programu yake vyote viko wazi kwenye GitHub, tovuti ya kushirikiana miradi, kwa hiyo unaruhusiwa kuijenga na hata kuigeuza utakavyo. Yenyewe haitoi sauti. Inasoma slaida imefika wapi na kupeleka namba kati ya 0 na 127 kwenye kompyuta, kwa MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, ileile iliyoanza 1983, na programu ya muziki ndiyo inayoamua namba hiyo iguse nini. Yangu nimeigawa hivi: slaida 4 za magitaa ya benga niliyorekodi, 2 za besi, 5 za ngoma na kayamba, zilizobaki za mwangwi na vichujio. Kulipandisha gitaa la pili taratibu huku besi inashuka, mikono yote miwili kazini, ni raha ambayo kipanya hakijawahi kunipa.

Ugumu, kwa mtu wa Nairobi, uko kwenye orodha ya vipuri. Aliyeiandika ni kama alidhani kila msomaji analetewa kifurushi mlangoni kesho yake asubuhi. Bodi hazikunisumbua: unatuma faili kiwandani Shenzhen, na nilikoagiza hawapokei oda ya chini ya bodi 5, kwa hiyo nikabaki na za akiba. Kilichochelewa ni ubongo wake. Toleo nililofuata linataka Teensy LC au 3.2, vibodi vidogo vyenye chipu ya kuendesha programu, na hizo zimekuwa adimu tangu uhaba wa chipu wa 2021. Yangu niliinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa amefungua mradi wake wa roboti.

Kisha slaida zenyewe. Kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, hapa Nairobi, zipo, nyingi zimeng'olewa kwenye mikisa za zamani, na muuzaji atakuapia kwamba zote ni moja. Si moja. Soma maandishi ya ubavuni kabla hujatoa simu kulipa: unatafuta B10K, ambapo B ni aina ya mpando na 10K ni ukinzani wa ohmu elfu kumi. Kwenye B ukinzani hupanda sawasawa toka chini hadi juu. A hupanda polepole kwanza halafu kwa kasi, kwa sababu ilitengenezwa ifuate sikio linavyopokea sauti, na ndiyo maana utaikuta sana kwenye mikisa. Hapa bodi inataka kujua tu umefika wapi. Ukiipa A, nusu ya chini itakuwa kama imelala na nusu ya juu itaruka. Pima pia mwendo wake, 60 mm, na uhakikishe miguu inaingia kwenye matundu. Nilizunguka vibanda hadi nikakubali kuagiza zote 16 kutoka nje. Hapo ndipo bajeti ilipoishia.

Vile vipuri vidogo kama punje za mtama vinavyokaa juu ya bodi huwatisha wengi. Visikutishe. Mjini hapa fundi wa simu anayebadilisha chipu za chaji ana mashine ya hewa moto na darubini, na kazi hii kwake ni ya dakika. Niliyempelekea aliigeuza bodi huku na huku.

"Mkubwa, hii ni ya nini?"

"Ya muziki."

"Na spika inakaa wapi?"

Nilimweleza, hakushawishika, lakini lehemu yake imetulia kuliko ile yangu ya slaida. Mpelekee mchoro wa mpangilio umechapishwa kwenye karatasi, asije akabahatisha upande wa IC (chipu).

Programu unaipakia mara moja kwa Teensyduino, programu ya kompyuta ya kuandikia Teensy, ukihakikisha aina ya USB uliyochagua ni MIDI. Baada ya hapo kila slaida unaipangia chaneli na namba yake kupitia kivinjari, bila kugusa msimbo. Unaweza hata kuigeuza juu chini ukitaka waya utokee upande wa pili. Hapa walioibuni walifanya kazi.

Malalamiko ninayo. Slaida hazina mota za kuzisogeza zenyewe, kwa hiyo ukibadilisha wimbo zinabaki zilipokuwa, na ukigusa moja sauti inaruka. Kwenye Ableton Live, programu ya muziki, weka Pickup, ili slaida isishike hadi ipite pale thamani ilipo. Inasaidia, ila katikati ya shoo ni kero. Halafu hatua 128 ni chache. Kwa sauti ya kawaida husikii chochote, lakini ukivuta kichujio polepole, ngazi unazisikia. Jeki 16 za volti 0 hadi 5 ni za wenye sinthesaiza za moduli, na mimi sina. MIDI nayo hutokea kwenye jeki ndogo, si soketi ya pini 5, kwa hiyo tafuta adapta mapema.

Inakula umeme wa USB tu. Stima zikipotea, laptopu ikiwa na chaji, naendelea kufanya mazoezi. Na vumbi la mji huu lilipoifikia slaida ya 7, ikaanza kupeleka namba za kigugumizi, niliipulizia dawa ya kusafishia, ikakataa, nikaing'oa na kuweka nyingine jioni ileile. Kontrola niliyokuwa nayo awali ilikufa kwa ugonjwa huohuo na hakuna aliyekuwa na kipuri chake.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imebaki kwenye hizo mota. Bodi 2 tupu bado ninazo kwa atakayetaka kujaribu. Slaida utajitafutia.