Uzoefu wangu: Kituo cha Legehar, treni ya umeme ya Addis Ababa

Ukikaa Addis kusubiri ndege na viza unayo, achana na maduka ya uwanjani. Chukua teksi hadi katikati ya jiji, panda treni ya umeme, ushuke Legehar.

Kituo chenyewe hakina makuu: ni jukwaa tu, juu ya daraja la zege. Tiketi ni ya karatasi, inauzwa kwenye kibanda chini barabarani, kwa hiyo inunue kabla ya kupanda ngazi na uwe na birr taslimu. Jioni watu hubanana mno. Mimi napenda saa nne asubuhi.

Uhondo uko chini. Hatua chache tu unafika stesheni ya zamani, iliyofunguliwa 1929, na mbele yake sanamu ya shaba ya Simba wa Yuda, nembo ya wafalme wa Ethiopia, taji kichwani, ameshika fimbo yenye msalaba. Waitalia walipoivamia nchi miaka ya 1930 walimbeba hadi Roma, akarudishwa miaka ya 1960. Nilimzunguka taratibu, na kusema kweli nilisisimka.

Mfalme Menelik II wa Ethiopia alitoa kibali cha reli ya kutoka Djibouti mwaka 1894. Ilifika Dire Dawa 1902, lakini Addis ikafika 1917, mfalme mwenyewe keshafariki. Kilomita 784, za upana wa mita moja kama ile reli yetu Wakenya ya zamani ya Mombasa. Treni ya mjini, iliyojengwa na Wachina, ilianza Septemba 2015. Mwaka uliofuata ikazinduliwa reli mpya ya Djibouti, ila stesheni yake iko nje ya mji, kama sisi tunavyoshukia SGR, reli yetu mpya, Syokimau nje ya katikati ya Nairobi. Basi treni inayosimama Legehar siku hizi ni hii ya mjini peke yake.

Jambo moja linaniuma. Ukisimama mbele ya jengo la zamani na kutazama barabara ya Churchill inavyopanda hadi ukumbi wa jiji, daraja la treni linakata mandhari yote. Stesheni ile ilistahili kuachiwa nafasi.

Wakati wa kurudi, angalia rangi: njia ya kijani na ya buluu zote hupita hapa. Ya kijani huenda Ayat upande wa mashariki, ya buluu huteremka Kaliti. Ukiwa na shaka, muulize abiria jirani kabla milango haijafungwa.