DLQI: nyota nne, na onyo kuhusu kisanduku cha "hainihusu"

DLQI, dodoso la kupima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoyagusa maisha ya mgonjwa, ni karatasi ya ukurasa mmoja tu. Andrew Finlay na Gul Khan waliitoa Cardiff, Wales, mwaka 1994, na kliniki haitozwi kitu kuitumia kwa wagonjwa wake. Ina maswali 10, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 30, yote kuhusu siku saba zilizopita: muwasho, aibu, nguo unazochagua, kazi, hata usumbufu wa dawa zenyewe. Hapa Moshi, ambako kituo cha RDTC pale hospitali ya KCMC kinafundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, isikosekane kwenye meza ya kliniki yoyote ya ngozi.

Dakika mbili tatu umemaliza. Ukifika 11 na kuendelea, ugonjwa umeshayagusa maisha mno, hata kama magamba yako viwikoni tu. Swali la 10 ndilo tunalolipenda zaidi. Mafuta yakichafua shuka na kanga, mtu huacha kupaka kimyakimya, halafu daktari anadhani dawa imeshindwa.

Sasa hicho kisanduku. Ukiweka alama "hainihusu" unahesabiwa 0. Chukua mama mwenye soriasisi, ugonjwa wa magamba ya ngozi, aliyekuwa akiuza ndizi Mbuyuni, akaacha biashara kwa sababu wateja walisita kupokea chenji mkononi mwake. Kazi? Hainihusu. Kijana wa pumu ya ngozi aliyeacha mpira kwa kuogopa kuvaa bukta naye vivyo hivyo. Aliyeachwa na mwenzi wake anaruka swali la 9, la tendo la ndoa. Wanatoka na alama 6, nao ndio walioumia kuliko wote. Muuguzi aulize neno moja kila akikuta alama hapo: "Tangu lini?"

Swali hilo la 9 lisisomwe kwa sauti kwenye benchi la foleni, wala mbele ya mama mkwe. Mpe mtu kalamu na chumba.

Huzuni yenyewe karatasi hii haiipimi. Hisia zimeachiwa swali la 2 peke yake. Ongeza PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali 9 ya wiki mbili zilizopita: 10 na zaidi apimwe sonona ipasavyo. Akijibu chochote zaidi ya 0 kwenye swali la mwisho, la mawazo ya kufa au kujidhuru, asiondoke kabla hajakaa na mtu wa afya ya akili siku hiyohiyo.

Maswali mawili au zaidi ya DLQI yakiachwa wazi, usijumlishe. Watoto wana yao, CDLQI.