Hedifoni za waya za elfu 85: nilivyomsikia Morricone upya

Kwa karibu miaka miwili mimi na shemeji yangu tulikuwa na ubishi mmoja kila alipokuja kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma: nani fundi zaidi wa muziki wa filamu. Yeye mtunzi wake ni Hans Zimmer, humwambii kitu. Wangu mimi ni Mwitaliano Ennio Morricone. Tulikuwa tukiamua kwa sabufa yangu ya sebuleni, na kila mara Zimmer alishinda. Ukiweka muziki wa Zimmer wa filamu ya Dune, bati linatetemeka, glasi zinalia kabatini, shemeji anasimama kabisa: "Sasa shemeji, mzee wako anaweza hivi?" Nami nikiweka ule mluzi wa Morricone kwenye filamu ya The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966, unatoka umesinyaa kama redio iliyoishiwa betri. Niliumia, maana muziki ule naujua tangu utoto na si mdogo hata kidogo.

Mwezi wa saba nikanunua hedifoni kwenye duka moja la vifaa vya simu hapa mjini. Ni za waya, zinafunika sikio lote. Muuzaji aliniambia shilingi 100,000, tukamalizana kwa 85,000. Za waya nilizitaka makusudi: hazihitaji chaji, na umeme ukikatika saa tatu usiku naendelea na simu yangu.

Usiku wa kwanza nilivunjika moyo. Simu yangu haina tundu la hedifoni, nikawa nimechukua adapta ya 5,000, na hiyo adapta inavuma "shiii" muda wote. Halafu nyimbo zenyewe zilikuwa zile tulizorushiana WhatsApp, zimeshabanwa mpaka hazina uhai. Nikarudi dukani nikachukua adapta ya 15,000, nikanunua bando la usiku, nikazipakua nyimbo upya kwa ubora wa juu. Tafadhali msiruke hatua hii. Hedifoni nzuri ikipewa wimbo mbovu inakuonyesha ubovu wake wote.

Hapo ndipo nikausikia ule mluzi. Anayepiga ni Alessandro Alessandroni, na kwa mara ya kwanza nilisikia pumzi yake ikipita mdomoni kabla noti haijatoka. Nikaenda The Ecstasy of Gold, wa filamu hiyohiyo. Kinanda kinaanza kuzunguka taratibu, kisha inaingia sauti ya Edda Dell'Orso, anaimba bila neno hata moja, na chini yake ala zinaongezeka moja moja. Kwenye sabufa vyote hivyo vilikuwa uji. Sasa kila kimoja kina mahali pake: kengele huku, kwaya nyuma, yeye juu yao wote. Niliurudia mara nne, kitandani, upepo wa Julai ukipiga bati nje, wala sikuusikia.

Nikadhani nimeshinda. Nikaweka muziki wa filamu ya Interstellar ya 2014 nimpime na Zimmer, nikakuta naye tulikuwa tunamdhulumu. Kile kinanda kikubwa cha mabomba kimerekodiwa ndani ya Temple Church, London, mpigaji ni Roger Sayer. Sabufa ilikuwa inatupa ngurumo tu. Kwenye hedifoni unasikia hewa ikisukumwa kwenye mabomba, na ukubwa wa kanisa lenyewe noti inapokatika. Kumbe miaka yote ile shemeji alikuwa anaisifia besi ya sabufa yangu, na mimi nilikuwa nabishana na besi hiyohiyo. Zimmer mwenyewe, mtu makini anayejua kukaa kimya, hatukuwahi kumsikiliza.

Mtunzi mwingine, John Williams, sina mengi ya kusema juu yake. Zile noti mbili za filamu yake ya Jaws ya 1975 zinatisha hata kwenye spika ya simu. Ila fidla ya Itzhak Perlman kwenye muziki wake wa Schindler's List, pale upinde unapogusa uzi, isikilizeni kwa utulivu.

Kipimo changu cha mwisho kilitoka nyumbani. Mtunzi Ludwig Göransson alipotunga muziki wa filamu ya Black Panther alikwenda Senegali, na ile ngoma ya tama inayoongea, inayopigwa na Massamba Diop, inasikika vizuri ajabu. Ikanikumbusha mwanamuziki wetu mzee Hukwe Zawose, aliyeipeleka duniani ilimba ya Wagogo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly na Michael Brook, ambaye baadaye alitunga muziki wa filamu ya Into the Wild. Chuma cha ilimba kikiguswa, kuna mtetemo mwembamba unaobaki kando ya noti, kama mdudu aliyenaswa. Mtetemo huo nimekua nao, na hakuna spika niliyowahi kumiliki iliyoutoa. Hizi zimeutoa. Nilinyamaza kwa muda.

Kasoro zipo. Huu ni mwezi wa nne tangu nizinunue, na kwa joto hili la Novemba masikio yanatoa jasho baada ya nusu saa. Ngozi ya plastiki kwenye mto wa kushoto imeanza kubabuka. Waya ni mfupi, ukisahau ukainuka unaivuta simu mezani. Besi ipo lakini haikupigi kifuani, kwa hiyo kuangalia filamu na familia sabufa bado inafanya kazi yake.

Shemeji alizivaa Jumapili iliyopita. Nilimwekea Interstellar kwanza, ya kwake, kisha Edda Dell'Orso. Bado anasema Zimmer, ila safari hii aliniomba nimrushie na wa mzee.

Ukienda dukani, muuzaji atataka kukujaribishia kwa singeli au amapiano. Mwombe uweke wimbo wako, wenye mluzi au fidla moja tupu, na usilipe mpaka usikie pumzi.