Tunu aliumwa jicho, nikaambiwa nimchinje

Jicho la kushoto la sungura wangu, Tunu, lilianza kutoa machozi, kisha ute mweupe kama maziwa, mpaka manyoya ya shavuni yakagandamana. Nikamtia kwenye kapu, nikapanda daladala mbili hadi kliniki moja ya mifugo hapa Dar ambayo wenye mbwa na paka wanaisifu sana.

Daktari hakumtoa hata kwenye kapu. Alichungulia tu, akasema: "Dada, sungura ni kitoweo. Mchinje, ununue mwingine." Nikaduwaa. Akaniandikia dawa ya matone, na hela ya kumwona daktari nikalipa. Kumwona! Yeye alimwona nani?

Nyumbani nikasoma kikaratasi cha ndani ya boksi: steroidi. Dawa hiyo haiwekwi kabla ya kuhakikisha kioo cha jicho hakina kidonda, maana kikiwepo, inakizidisha. Na yeye hakupima chochote! Sikuitia hata tone.

Siku chache baadaye nikaenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Alidondosha rangi jichoni, akamulika taa ya bluu. Kungekuwa na kidonda, pangeng'aa kijani. Hakikuwepo. Kisha akamfungua Tunu mdomo. Nikashangaa, jicho ndilo linaumwa, meno ya nini?

"Mwanangu, meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Mfereji wa machozi unapita jirani na mizizi. Mzizi ukirefuka, unaubana."

Akatia ganzi, akapenyeza kijibomba laini kwenye kitundu cha kope la chini (sungura ana kimoja tu kila jicho), akasukuma maji ya chumvi polepole. Usaha mzito, kama mtindi, ukachuruzika kwenye tundu la pua. Tunu akapiga chafya. Nililia pale pale.

Pumba nilizokuwa nampa, basi. Sasa ni nyasi kutwa, ili meno yasagike.

Nilikusudia kuandika kwamba ile kliniki ya kwanza msiende kabisa. Ila kijana wao wa mapokezi ndiye aliyenifuata hadi getini akaninong'oneza jina la huyu mama, kwa hiyo si wote. Na mbwa pengine wanawatibu vizuri. Lakini nikikumbuka lile neno "mchinje," na Tunu yumo kapuni ananitazama kwa jicho moja... Hapana. Msiende. Hata mwenye mbwa asiende.