Facebook au video: kipi kinawafaa wenyeji asilia wa mjini Kanada?

Winnipeg ndo mji wenye wenyeji asilia wengi kuliko miji yote ya Kanada, na tangu 1959 kuna Friendship Centre pale, yani kituo cha kumpokea mtu katoka kijijini hana pa kuanzia: nyumba, kazi, shule ya mtoto. Leo vituo vya namna hiyo vimepita 100 nchi nzima. Swali ni kituo kiwasiliane na watu wake kwa Facebook au kwa simu ya video, ile ya kuongea mnaonana.

Facebook ni bure na watu washajaa humo. Unapost "leo saa 11 jioni kuna supu, njooni na watoto", sasa hivi tu mtu kashamtag dadake na mabinamu wote. Shida ni kwamba uwanja sio wako. Agosti 2023 Meta, kampuni yenye Facebook, ilizuia habari Kanada, ikigomea sheria ya kulipa vyombo vya habari, basi hata link za APTN, televisheni ya wenyeji haohao, zikawa hazipostiki. Hapo ndo unajua we ni mpangaji tu.

Video nayo inataka intaneti ya maana, na bibi lazima asahau kuwasha maiki (wote "bibi hatukusikii!"). Ila ikikaa sawa, yeye yuko kijijini kaskazini mwa jimbo la Ontario anawafundisha vijana wa mji wa Thunder Bay Kiojibwe, lugha yao ya asili, na wanaona mdomo unavyotamka. Tena huko wana K-Net, mtandao unaoendeshwa na wenyeji wenyewe.

Mi matangazo ningeacha Facebook, darasa la lugha na vikao vya bodi video, na namba za simu za watu naandika kwenye daftari la kituo.