TAHADHARI: Nimepigwa oili feki Unga Limited

Machalii wa Chuga, kama una gari soma hii kabla hujamwaga oili. Mimi niliyewacheka wenzangu waliouziwa betri feki nimepigwa mchana kweupe, tena huku nakunywa chai ya mtu.

Jumamosi nimeenda Unga Limited, hapa hapa Arusha, kununua oili. Noah mnaijua, kilomita 230,000, miaka yote naiwekea oili nzito ya 20W-50 na inakula nusu lita tu mpaka kumwaga tena. Jamaa mwenye duka kanivutia stuli, kaniagizia chai ya rangi. "Kaka mkubwa, hiyo nzito ndiyo inakuulia injini. Weka hii 5W-30 sintetiki, haipungui hata tone." Akafungua mfuniko mbele yangu, nikasikia kabisa krak! Akanidondoshea tone kwenye kidole gumba. "Sugua. Si asali hiyo?" Nikasugua. Nikasema asali. Nikatoa elfu tisini, kwingine laki na ishirini, nikajiona mjanja.

Msinicheke. Aliyenielekeza pale ni fundi wangu wa miaka sita. Na mfuniko ulilia krak! Wewe ungeshuku nini?

Jumatano niko kwenye ule mlima ukitoka Mto wa Mbu, abiria sita wa Karatu ndani. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Kwenye kioo naona moshi wa bluu mpaka lori la nyuma limewasha taa. Nachomoa stiki ya kupimia oili, kavu. Naifuta, nairudisha, nachomoa tena: tone moja kwenye ncha, jepesi kama ile chai, linanuka dizeli. Haijafika hata kilomita 900! Mama mmoja akashuka na kuku wake, "Baba, sisi tunasubiri Costa."

Mafundi najua mtakachosema. Ndiyo, ile 50 ni uzito wa oili injini ikiwa moto, 30 ni nyepesi zaidi, na ringi za pistoni zikishalika inapenya juu inaungua. Hata 5W-30 halali ingepungua kuliko nilivyozoea, hapo kosa ni langu kukubali kubadilishiwa kienyeji. Ila oili halali haigeuki maji ndani ya siku nne!

Yule mtu anyweshwe galoni lake mwenyewe, hadharani, kwa mrija. TBS wa viwango, Tume ya Ushindani, mko wapi? Afungwe, na duka lipigwe kufuli.

Dalili zilikuwepo. Nilipoomba risiti, "mashine mbovu kaka mkubwa". Namba chini ya galoni zimekwanguliwa. Na nyuma ya pazia magaloni matupu yameoshwa, yamepinduliwa kama vikombe, mimi nikadhani anauza vyombo. Hiyo krak ya mfuniko nayo jana nimeambiwa si sili mpya, ni gundi tu.

Galoni ninalo, limebaki robo lita. Jumatatu saa tatu nalipeleka polisi. Nawe kama uliitwa kaka mkubwa ukapewa chai, njoo inboksi twende wote. Mama watoto anajua nilinunua ya elfu arobaini, iacheni hivyo hivyo.